Fundi wa Saa wa Upande wa Pili wa Ukuta

Mimi ni binti wa Wepukhulu na Nabalayo. Nilizaliwa Chwele, upande wa Bungoma, na siku ya kuzaliwa kwangu haijulikani kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuiandika. Shule sikuingia. Kaka zangu waliingia, mimi nikachunga ndama. Nayasema haya kwanza ili atakayesoma ajue ni nani anayesema, asije akadhani kwamba maneno haya yametoka kitabuni. Wewe, Nekesa, mjukuu wangu, andika kama ninavyosema. Usinipambe. Ukiona neno ni zito, liache liwe zito.

Ninataka kusema habari za mtu mmoja. Jina lake silitaji. Hata alipokuwa jirani yangu sikulitaja, kwa kuwa alikuwa mkwe wangu. Hakumwoa binti yangu. Alikuwa mtu wa ukoo ule uliomwoa binti yangu mkubwa, na kwetu wanaume wote wa ukoo huo ni wakwe. Mama mkwe na mkwe hawashikani mikono. Hawali pamoja. Mama mkwe haingii chumba anacholala mkwe wake, hatazami kitanda chake, wala hazungumzi habari za usingizi wake. Hiyo ndiyo heshima niliyolelewa nayo, na sikuishusha njiani nilipokuwa nikija Nairobi. Watu walimwita Fundi, maana alitengeneza saa, nami nitamwita hivyo.

Tulipanga Waithaka, katika ploti ya vyumba kumi na viwili vya mabati. Chumba chake na changu vilitenganishwa na ubao mwembamba uliopigwa bati upande mmoja. Mwenye ploti haulizi nani ni mkwe wa nani kabla ya kugawa vyumba. Kwa hiyo mtu ambaye sikuruhusiwa kuona hata mto wake alilala mkono mmoja tu kutoka kichwani pangu, nami nilimsikia, usiku baada ya usiku, pumzi yake ikikatika kama uzi. Nilijua kwamba siku moja ingekatika isirudi. Nilijua hivyo kwa miaka minne, na kwa miaka minne nilinyamaza. Hilo ndilo ninalotaka liandikwe. Lakini huwezi kulielewa bila kumjua mwenyewe.

Alikuwa mtu mnene wa shingo. Kifungo cha juu cha shati lake hakikufungwa hata Jumapili, na tai yake aliining'iniza tu, kama kamba ya mbuzi aliyetoroka. Vidole vyake vilikuwa vinene vilevile, nawe usingeamini kwamba vidole hivyo vilishika vyuma vidogo kuliko chembe ya wimbi. Meza yake ilikuwa dirishani, ndani ya duka moja la saa katikati ya jiji, karibu na River Road, duka la mama mmoja wa Kihindi ambaye familia yake ilikuwa katika biashara hiyo tangu babu zao. Fundi aliketi hapo miaka mingi kuliko viti vyenyewe.

Hakuanza kwa kutazama. Ukimpa saa aliiweka sikioni, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka mteja aanze kukohoa. "Kwanza tusikize," alikuwa akisema, "macho ni ya baadaye." Kutokana na sauti tu aliweza kukuambia kwamba saa iliwahi kuanguka, na ilianguka kwa upande gani. Majina ya watu yalimtoka. Alinisahaulia mara tatu jina la binti yangu, ambaye ni mke wa ndugu yake. Lakini saa aliyoifungua mara moja aliijua miaka kumi baadaye kwa mkwaruzo wake wa ndani.

Yeye mwenyewe hakuvaa saa. Alipoulizwa alijibu kwamba mpishi hatembei mjini amebeba sufuria. Na alichelewa kila mahali. Hapa kuna jambo ambalo sikulielewa kwa muda mrefu: mtu aliyekasirika saa ya mteja ikipoteza dakika moja kwa juma, yeye alipoteza asubuhi nzima. Aliamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. Asubuhi nilimwona bombani amejifunga kitambaa kichwani kwa nguvu, kama mwanamke aliyetoka kujifungua, kwa sababu kichwa kilimuuma mpaka chai ya pili. Chai yenyewe ilikuwa nyeusi kama lami.

Alilala kila palipokuwa na nafasi ya kulala. Kanisani alisinzia kabla mhubiri hajamaliza kusafisha koo. Wazee wa kanisa walikutana juu yake, wakaamua wampe kazi ya kusimama mlangoni kukaribisha watu, wakidhani kwamba mtu aliyesimama hawezi kulala. Jumapili ya kwanza akalala amesimama, mkono ameunyoosha, na waumini watatu wakausalimia mkono huo wakapita, kila mmoja akimwambia Bwana asifiwe. Wa nne ndiye aliyesikia mkoromo.

Dukani wateja walimkuta kidevu kiko kifuani, kioo cha kukuzia bado kimebanwa jichoni.

"Fundi! Umelala tena na saa yangu?"

"Sijalala. Nasikiza."

"Unasikiza na mdomo wazi hivyo?"

"Hiyo ni ya kusikiza saa kubwa."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alijitetea kwa mzaha, na watu wakacheka, na kicheko kikafunika jambo lenyewe. Pale kwetu vijana walimwita Posho, kwa sababu ya mashine ya kusaga mahindi. "Posho, jana umesaga magunia mangapi?" Naye anajibu, "Matatu, na lenu bado." Nami nilikuwa nikichambua sukuma mlangoni, nikasikia wote wakicheka, na mimi peke yangu nikajua kwamba mashine hiyo huzimika.

Maana hakuna aliyesikiliza baada ya mkoromo. Mkoromo humfanya mtu ageuke, avute blanketi masikioni, alaani kidogo, alale. Mimi mzee nalala kidogo. Nilisikia mkoromo ukipanda, ukipanda, kisha ukakatwa. Kimya. Si kimya cha mtu aliyetulia, bali kimya cha mtu aliyezibwa. Kitanda kinatikisika kidogo kwa kifua kinachovuta kisipate kitu. Mimi sikufundishwa kuhesabu kwa karatasi. Nahesabu kwa vidole. Nilimaliza mkono wa kulia, nikamaliza wa kushoto, nikarudia wa kulia, nikarudia wa kushoto. Halafu, kwa mshindo, kama mtu anayetolewa kisimani, pumzi ikarudi, akagugumia, akageuka, akaanza upya. Mara nyingi kwa usiku mmoja. Sikuwa na vidole vya kutosha.

Mara ya kwanza nilisimama katikati ya chumba changu nikiwa na mwiko mkononi, nikidhani amekufa. Ningefanya nini? Kumwita kwa jina siruhusiwi. Kwenda mlangoni pake usiku, mimi mama mkwe wake, heri ningetembea uchi sokoni. Mkewe alikuwa nyumbani magharibi akiangalia shamba, kama wake wa wanaume wengi wa pale. Hakukuwa na mtu wa kitanda hicho wa kumtikisa. Basi nikagonga bati kwa mwiko. Mara moja, kwa nguvu. Nikasikia akishtuka na kuvuta hewa. Nikalala kwa amani, nikiona nimepata njia ambayo haikuvunja heshima ya mtu yeyote.

Kuanzia hapo niliweka mwiko kando ya kitanda. Pumzi ikikatika, nagonga.

Asubuhi ya usiku ule wa kwanza hakuweza kunitazama. Hata siku za kawaida hakunitazama sana. Alikohoa kabla ya kupita mlangoni pangu ili nijue anapita, na alizungumza nami kamba ya nguo ikiwa kati yetu, shuka likiwa limeanikwa. Aliniambia "ninyi", ingawa nilikuwa mmoja, kama inavyotakiwa. Siku hiyo alisema nyuma ya shuka, "Mama, mnisamehe kwa kelele za usiku."

Nikajibu, "Hakuna neno."

Nekesa, andika maneno hayo mawili na uyapigie mstari. Yalikuwa uongo. Kulikuwa na neno. Yeye alidhani nagonga kwa sababu ananinyima usingizi. Mimi nilijua nagonga kwa sababu anakufa. Na kwa kuwa kumweleza kungekuwa kuzungumza usingizi wa mkwe wangu mbele yake, nilimwachia aamini kwamba mimi ni kikongwe mwenye hasira za usiku.

Usidhani alikuwa mtu wa kuonewa huruma tu. Alikuwa mgumu. Mteja akimletea saa ya bei rahisi, ya kutupwa, aliikataa kwa dharau: "Hii si saa, ni picha ya saa." Mwingine akija na saa ya baba yake, imeoza, haina thamani kwa mtu yeyote, aliikalia juma zima. Alikuwa na subira na chuma kuliko aliyokuwa nayo kwa watu. Na aliamini jambo moja juu ya vitu vyote vinavyopiga: kizuri ni kile kisichobadilika. Mara moja alijisifu kwa vijana pale bombani, mimi nikisikia, kwamba moyo wake mwenyewe ulikuwa kama saa nzuri. Alijipima mapigo kwenye kifundo cha mkono. "Tik, tik, tik. Haipungui, haizidi. Nyinyi mnakimbia mpira, mioyo yenu inarukaruka kama panzi. Mimi nitawazika."

Mwaka wa tatu wa kugonga kwangu, mkoromo ukapungua. Mwezi mmoja baadaye sikusikia kitu. Kimya chema, nikadhani. Nilienda kanisani nikatoa shukrani, bila kusema ni ya nini, na nikaurudisha mwiko jikoni. Nililala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu nilipokuwa msichana. Hivyo kwa mwaka mzima.

Lakini mchana alizidi kuharibika. Uso ulivimba chini ya macho. Aliegemea ukuta akisubiri maji na akalala hapo, ndoo ikamwagika miguuni. Nilijiambia ni umri. Mtu huona anachotaka kuona, nami nilitaka kuona nimeshamaliza kazi yangu.

Jumamosi moja alasiri tulikuwa kwenye kamba ya nguo, yeye upande wake, mimi wangu. Upepo ukalisukuma shuka na nikamwona usoni. Katikati ya paji la uso wake palikuwa na alama ya mviringo, nyekundu, imechorwa sawasawa kama muhuri.

"Fundi, umepigwa na nini?"

"Si kupigwa, mama. Nimeangukia saa ya mtu."

"Umeangukia vipi?"

Akakamua shati. "Ilikuwa wazi mezani. Ya mama mmoja mjane, ya marehemu mumewe. Nilikuwa nimeshaifungua, nimeweka ile springi nyembamba kama unywele. Nikafumba macho nisikize. Nilipoamka paji langu liko ndani yake." Akavuta pumzi. "Haitengenezeki tena. Niliitengeneza mara ya kwanza, huyo mzee akiwa hai."

"Na mwenye duka?"

"Amesema mara nyingine nikilala mezani, meza anapewa mtu mwingine. Ana haki."

Nikasema, nikidhani namfariji, nikasahau kwamba usingizi wa mkwe hautajwi, "Lakini usiku siku hizi unalala vizuri. Sisikii kitu."

Akacheka kwa adabu. "Haijaisha, mama. Nyinyi ndio mmepumzika. Nilihamisha kitanda upande wa barabara, na huku kwenu nikasimamisha godoro mbili za zamani, nikapiga misumari. Niliona aibu, mtu mzima kama ninyi kugonga ukuta kila usiku kwa ajili yangu."

Aliyasema kwa fahari kidogo, kama mtu aliyefanya jambo la heshima. Na kweli alikuwa amelifanya. Mimi nilishika kamba. Mwaka mzima pumzi yake ilikatika nyuma ya magodoro mawili, asiwepo hata kikongwe mmoja wa kuigonga, na sababu ilikuwa mimi.

Jumatatu nilivaa gauni la kanisani nikaenda mjini. Sikuwa nimeingia duka hilo hata siku moja. Mwenye duka alikuwa mama wa rika la binti yangu mkubwa, sari ya kijivu, miwani kwenye mnyororo. Fundi alikuwa mezani dirishani. Aliponiona akasimama, akageuka kuelekea ukutani, kama inavyompasa. Nami nikampa mgongo.

"Karibu, mama. Saa yako iko na shida gani?" mwenye duka akauliza.

"Sina saa. Nina neno. Na neno lenyewe ni la mtu huyo, lakini mimi siwezi kumwambia. Wewe umwambie."

"Lakini yeye yuko hapa tu."

"Yuko. Mwambie."

Akanitazama, akamtazama, akaona migongo miwili. Nadhani alikuwa na desturi zake nyumbani, kwa sababu hakucheka. Alivua miwani. "Sawa. Sema."

Kuongea kupitia mtu wa kati kunaruhusiwa. Hilo ndilo lililonijia usiku wa Jumamosi, na nikajichukia kwa kutolikumbuka miaka minne. Nikasema, "Mwambie kwamba sikugonga kwa sababu ya kelele."

"Fundi, anasema hakugonga kwa sababu ya kelele."

"Mwambie nimesikia," akasema Fundi kwa ukuta.

"Mwambie kwamba usingizini pumzi yake husimama. Husimama mikono yangu yote miwili, mara mbili. Kisha hurudi kwa shida. Mwambie nilikuwa nikigonga ili irudi."

Mwenye duka hakurudia. Duka lote lilikuwa likipiga saa zake, kila moja kivyake. Mwishowe akasema, si kwa niaba ya mtu yeyote, "Mzee wangu alikuwa hivyo. Mimi nilikuwa nampiga kiwiko. Kila usiku, kiwiko, kiwiko. Asubuhi anauliza nani amemvunja mbavu." Akatabasamu kidogo, kisha hakutabasamu tena. "Fundi. Huu ni ugonjwa. Uko na dawa yake. Utaenda kwa daktari."

Fundi akachukua kofia, akatoka nje bila kutupita karibu.

Majuma mawili hakuzungumza nami. Alipita mlangoni pangu bila kukohoa, na hilo liliniuma kuliko tusi. Alimwambia jirani mmoja, akijua litanifikia, kwamba mama mkwe mwenye adabu akisikia usingizi wa mkwe wake hunyamaza. Alikuwa amesema kweli. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa sote wawili. Na kwa daktari hakwenda.

Aliyempeleka ni mwenye duka, na alimpeleka kwa neno la kazi yake. Yeye mwenyewe alinisimulia baadaye. Alimwuliza, "Mteja akikuambia saa yake inasimama usiku na mchana inatembea, wewe unagombana na mteja, au unafungua saa?" Fundi akajibu kwamba anafungua saa. Kisha akasikia alichojibu.

Alikwenda kliniki moja Hurlingham, kando ya barabara ya Argwings Kodhek. Walimpa kisanduku alale nacho nyumbani: mkanda wa kifuani, kibanio cha kidole, mrija chini ya pua. Aliporudi, daktari, msichana wa umri kama wa shangazi yako mdogo, alimwekea mistari mezani. Mstari mmoja wa pumzi, mmoja wa moyo. Pumzi inapozibwa, moyo unapunguza mwendo, unangoja; damu inakosa hewa; kisha mwili unashtuka ili usife, na moyo unaruka mbio. Kuzibwa na kuruka, kuzibwa na kuruka, mpaka alfajiri. Ndiyo sababu aliamka amechoka. Alikuwa akipigana usiku kucha asijue.

Fundi akasema, "Lakini mchana moyo wangu ni kama saa. Hauzidi, haupungui."

"Mzee," daktari akamwambia, "hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi."

Alikasirika. Alimwambia binti huyo kwamba ameshika vitu vinavyopiga tangu kabla mama yake hajaolewa, na kinachoongeza na kupunguza ni kibovu. Daktari hakubishana. Alimwambia ashike kifundo cha mkono wake mwenyewe, avute pumzi ndefu, aitoe polepole. Akashika. Tik, tik, tik. Kisha daktari akanyoosha mkono wake yeye. "Sasa sikiza huu."

Mambo haya aliniambia Fundi mwenyewe, kwenye kamba ya nguo, siku aliyorudi kunikoholea mlangoni. Aliyasema kwa sauti ya mtu aliyeona kitu cha ajabu katika kazi anayodhani anaijua.

"Mama, nilifumba macho. Akivuta hewa, moyo wake unaharakisha kidogo. Akiitoa, unalegea kidogo. Kila pumzi. Unaenda na pumzi kama mtu na mbwa wake, anavuta mbele, anarudi nyuma. Halafu nikarudi kwangu. Kwangu hakuna mbwa. Ni kamba tu imenyooka."

"Daktari akasemaje?"

"Akasema umri unachukua sehemu yake, hata wenye afya. Lakini sehemu nyingine imeliwa na usiku. Moyo ukikimbizwa kila usiku, mchana unakaza, hauchezi tena. Akasema moyo mzuri ni ule unaoweza kubadilika. Saa ndiyo haifai kubadilika, mama. Nilikuwa nimechanganya vitu viwili maisha yangu yote."

Alipoondoka nilikaa kitini nikashika kifundo changu mwenyewe. Wangu ulikwenda na kurudi kidogo. Niliona aibu kwa furaha niliyoipata.

Walimpa mashine ya kupulizia hewa. Ilikuwa ya marehemu mume wa mwenye duka, imekaa kabatini. Daktari aliirekebisha na barakoa mpya ikanunuliwa. Nyuma ya ukuta sikusikia tena mkoromo, na safari hii alikuwa ameng'oa yale magodoro, kwa hiyo nilijua ninachokisikia: hewa tu, ikienda. Vijana walimwita Rubani. Aliipenda hiyo kuliko Posho. Lakini mita ya stima ya ploti ni moja, na tokeni zikiisha usiku vyumba vyote vinazima, na mashine inazima navyo. Baada ya mara kadhaa mwenye duka alimpa chumba uani kwake, Muthangari, ambako stima haikatiki ovyo. Siku ya kuhama alikohoa mlangoni pangu kwa muda mrefu.

Hakubadilika kuwa malaika. Alipopata usingizi alipata pia ukali. Sasa alifika dukani kabla ya mwenye duka, akamlaumu kwa kuchelewa. Alizikataa saa nyingi zaidi. Fundi alimtengenezea yule mjane saa nyingine bila kuombwa, mjane akaikataa, na Fundi alihuzunika juu ya hilo kama mtoto. Lakini hakulala tena mezani, na meza ikabaki yake mpaka alipoiacha kwa hiari.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka jana, alipojiandaa kurudi nyumbani magharibi. Mkewe alikuwa amekuja kumchukua. Nilikwenda Muthangari Jumapili baada ya kanisa kuwaaga. Tuliketi uani, mimi na mkewe, tukichambua njugu kwenye ungo. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na Fundi alikuwa amelala humo baada ya chakula, mashine ikivuma. Nilitaka kuondoka.

"Mama, keti," mkewe akasema. "Ukuta uko. Geuza kiti tu."

Nikageuza kiti, nikampa mgongo mlango. Tukachambua. Baada ya muda mkewe akaniuliza kwa nini sisemi kitu. Nikaona vidole vyangu vimesimama katika njugu; nilikuwa nikingoja pumzi ikatike.

"Mimi nikisikia anakoroma likizo za Desemba," mkewe akasema, "nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nasema mume wangu amepumzika." Akatikisa ungo. "Tulikuwa wanawake wawili, mama. Hakuna hata mmoja aliyejua kusema."

Alipoamka, Fundi alikohoa kwanza ndani. Kisha akatoka, akasimama upande wa mkewe, akampa karatasi. "Mpe mama. Mwambie ya juu ni ya lile sanduku la kwanza, kabla ya mashine. Ya chini ni ya mwezi uliopita."

Mkewe akanipa. Mimi maisha yangu yote nimeshika karatasi nikizigeuza kichwa chini bila kujua. Hii niliijua. Mstari wa chini ulikwenda kama vilima vya kwetu, kimoja baada ya kingine, laini. Wa juu ulipanda, ukakatika ukawa tambarare, ukapanda tena. Niliweka kidole juu ya tambarare moja na kidole hakikutosha kuifunika.

"Mwulize," nikamwambia mkewe, "usiku huu wa juu, godoro zilikuwa bado ukutani?"

 Fundi alielewa ninachouliza, na nadhani angependa kunidanganya. "Mwambie zilikuwepo."

Basi usiku huo nilioushika mkononi, hata baada ya kujua, mimi nilikuwa nimelala bila kusikia kitu.

Sasa, Nekesa, sikiliza ninachokuagiza. Karatasi hiyo imo katika bahasha ya kahawia, chini ya Biblia yangu. Iweke pamoja na maandishi haya. Usiandike kitu juu yake, wala usimpe mtu aipige picha kwa simu. Jina la Fundi usiliandike hata mimi nikiwa sipo. Wakwe zako watakaosoma watajua. Desturi ya wakwe ishike kama ulivyofundishwa: mikono msishikane, chumba usiingie, mgongo uwape. Lakini jambo moja nalitoa katika desturi hiyo, mimi binti wa Wepukhulu, na nina umri wa kulitoa. Yeyote katika nyumba yetu atakayesikia pumzi ya mwenzake ikikatika usingizini, awe mkwe, awe mzazi, awe mgeni, asubuhi amwambie kwa kinywa chake. Akishindwa amtume mtu wa kati, siku hiyohiyo. Hilo liandike peke yake kwenye ukurasa.

Umeandika? Basi nisomee tangu mwanzo, kwa sauti. Na ukifika mahali nilipokosea, usiharakishe.